Treni Inayorudi Tupu

Wako watu ambao ukiwatajia nchi ngeni hukaa mkao wa kula, wakitegemea kusimuliwa majoka na majumba ya dhahabu. Hemedi Shekiondo aliporudi kutoka Jabalini aliwaangusha. Hakuwa na joka. Alikuwa na treni tu, na kila alipoisimulia aliwatazama wasikilizaji kwa namna ambayo wengi hawakuipenda, wakaaga kabla hajamaliza. Habari hii tumeipata kwa wale wachache waliobaki.

Njia aliyopita haituhusu. Alikwenda kumwona dada yake, Mwantumu, aliyeolewa huko, akazaa huko, akafiwa na mume huko, watoto wakatawanyika na maisha yao, na kwa miaka mingi hakuonana na mtu wa kwao. Hemedi alikuwa fundi viatu, na fundi viatu akiingia nchi ya watu hatazami majengo, hutazama chini. Jambo la kwanza aliloliona Jabalini ni kwamba viatu vyote vilikuwa vimelika mbele, kwenye vidole. Visigino vilikuwa vizima kabisa, kama vimetoka dukani asubuhi ile. Alishangaa, lakini hakuuliza. Ni ukosefu wa adabu kuanza ugeni kwa kuhoji miguu ya wenyeji.

Jabalini iko juu, na jina lake ni la zamani. Hapo kale palikuwa na mlima wa jiwe jeupe, jiwe zuri, na wageni waliojua thamani yake walijenga reli ya kulishusha hadi Mji Mkuu, ulioko chini bondeni. Treni ilishuka imejaa mawe, ikapanda tupu. Ikashuka imejaa, ikapanda tupu. Mlima wote ukashushwa hivyo hivyo, na pale palipokuwa na kilele pakabaki shimo ambalo watu wa Jabalini wamejenga nyumba zao kulizunguka. Mawe yalipokwisha, wenye reli wakafunga virago. Wakubwa wa nchi wakaketi wakaona kwamba reli ipo, mabehewa yapo, na watu wanaotaka kwenda mjini kazini wapo tele. Wakatangaza kuwa tangu siku ile reli ya mawe ni reli ya abiria. Ngoma zikapigwa, utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa mpaka jua likachoka. Kitu pekee ambacho hawakukigusa ni sheria za reli. Walisema sheria zile zimefanya kazi vizuri siku zote, na hakuna jiwe lililowahi kulalamika.

Asubuhi ya kwanza Hemedi aliongozana na dada yake kwenda kuuona mji. Stesheni walipimwa uzito kwenye mizani, kwa mafungu, wanaume na wanawake pamoja, kisha wakapakiwa kwenye mabehewa ya wazi yasiyo na kiti wala paa. Hemedi aliuliza kwa nini hakuna viti.

"Jiwe linakaa?" akajibu mwanamume mmoja aliyebanwa karibu naye, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa.

Walipofika chini, Mwantumu alimshika ndugu yake mkono. "Jikunje, mdogo wangu. Linda kichwa." Kabla Hemedi hajauliza kwa nini, behewa lililala ubavu, mlango wa pembeni ukafunguka, na abiria wote wakamwagwa kwenye mteremko wa mchanga, mmoja juu ya mwingine, wakabingirika hadi chini. Waliinuka wakajipangusa. Wakaanza kusalimiana.

"Umemwagwa salama?"

"Salama, namshukuru Mungu. Wewe je?"

"Leo bega kidogo, lakini salama."

Hemedi alitema mchanga. Aliona wazee wakitafuta miwani yao, aliona mama mjamzito akiinuliwa na wenzake, na aliona kwamba hakuna hata mmoja aliyekasirika. Yeye alikasirika kwa niaba yao wote, na hasira ya mtu mmoja katikati ya umati uliotulia inamfanya aonekane mwendawazimu. Akajipangusa kama wao.

Juu ya lango la mji palikuwa na ubao mkubwa uliochorwa tarakimu, na karani juu ya ngazi akizibadilisha. Ndiyo hesabu ya watu wa Mji Mkuu. Kila treni ikimwaga, hesabu hupanda. Na kwa kuwa sheria ya reli inahesabu kinachoshuka tu, hesabu haijawahi kupungua tangu reli ya abiria ianze. Kwa mujibu wa ubao ule, Mji Mkuu ulikuwa umeipita miji yote ya dunia kwa wingi wa watu, na wenyeji walipenda kusimama chini yake na kujipiga picha.

Mwantumu alikuwa dobi katika hospitali kuu. Alifua mashuka, akayakamua, akayapiga pasi, akiwa amesimama tangu anaingia mpaka anatoka. Jioni Hemedi alimfuata, na hapo ndipo alipokielewa kisa cha viatu.

Umati wote uliomwagwa asubuhi ulikuwa ukipanda mlima kwa miguu, kando ya reli. Hakuna aliyeruhusiwa kulala mjini, kwa kuwa sheria inataka uwanja wa stesheni na vitongoji vyake viwe vimesafishwa kabla ya giza. Walipanda wakiwa wameinama, wakikanyagia vidole, wengine wamebeba watoto mgongoni. Njia ilikuwa ndefu na ya kukata pumzi. Katikati ya safari honi ikalia nyuma yao, watu wakasogea pembeni, na treni ikapita taratibu ikipanda, taa zote zinawaka, mabehewa yote matupu. Baadhi ya watu walimpungia dereva mkono.

"Dada," Hemedi akasema, "hii treni inakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na sisi?"

"Nyumbani."

"Mbona hatupandi?"

Mwantumu alisimama ghafla, akatazama huku na huku kama aliyesikia tusi mbele ya wakwe. "Mabehewa hurudi matupu, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo sheria. Usinitie aibu."

Walipofika nyumbani alikaa kitini bila kuvua kanga. Hemedi alipiga magoti akamvua viatu. Miguu ilikuwa imevimba mpaka magotini, ngozi inang'aa, na kidole chake kilipobonyeza, shimo lilibaki. Usiku dada yake alihema kama aliye bado njiani. Siku zilizofuata hali haikubadilika, na asubuhi moja mganga wa hospitali, aliyewapimia wagonjwa juu ya mashuka aliyoyafua Mwantumu, alimwambia waziwazi: moyo wako umechoka, mama, ukiendelea kupanda ule mlima kwa miguu hutaona mavuno.

"Kama amesema hivyo, basi utapanda treni," Hemedi akasema.

"Nani ataniruhusu?"

"Nitakwenda kwa hao wakubwa wenyewe."

Jirani yao, Bi Mashavu, mwanamke mcheshi aliyefanya kazi ya upishi mjini, aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Baba weee! Utakwenda Barazani kuwaambia treni ipandishe watu? Mwantumu, mwambie ndugu yako akapumzike. Jua la huku limempata."

Lakini alikwenda. Baraza la Reli hukutana katika ghala la zamani la mawe, na mwenyekiti wake, Mheshimiwa Sijaona, alikuwa mtu wa heshima, mnene, mwenye sauti laini. Hakumfukuza. Alimpa kiti, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho, na kwa muda Hemedi alidhani amefika kwa watu.

"Bwana mgeni," akasema Sijaona, "tumekuhurumia sana. Ila tufahamishe: nani amewahi kuona jiwe likirudi mlimani?"

"Mheshimiwa, hawa si mawe. Mtu ana kwao."

"Jiwe nalo lilikuwa na kwao," akadakia mjumbe mmoja. "Tena lilikaa kwao muda mrefu kuliko sisi sote. Halikudai kurudi."

Wajumbe wakagonga meza. Mwingine akasimama, akaleta hoja ya ubao. Treni ikipandisha watu, alisema, itabidi karani apunguze hesabu kila jioni, na ifikapo giza Mji Mkuu wetu, mkubwa kuliko yote duniani, utakuwa hauna mtu. Je, mgeni yuko tayari kubeba dhamana ya kuufuta mji mzima kwa ajili ya miguu ya mwanamke mmoja? Wakaijadili hoja hiyo kwa uchungu wa kweli. Mmoja alitoa machozi. Hemedi alipowaambia kwamba kufikia giza mji huo haukuwa na mtu hata sasa, wote walimtazama kwa masikitiko, kama watu waliogundua kuwa mgeni wao hajui kusoma.

Aliyemwokoa, na Hemedi analitamka neno hilo kwa meno yaliyoumana, ni mwanasheria wa Baraza, Wakili Fahima, mwanamke kijana mwenye akili kali. "Waheshimiwa," akasema, "mnajibizana bure. Hakuna sheria inayokataza kupanda. Sheria inataka behewa liwe tupu, basi. Swali ni hili: nani anaweza kuwa ndani ya behewa nalo likabaki tupu?"

Walijikuna vichwa.

"Asiye kitu," akajijibu. "Mama huyo na aje akiri mbele yetu kwamba yeye si kitu. Akipanda, behewa ni tupu. Akishuka, ubao haupungui. Sheria imebaki, na miguu imepona."

Ghala zima lilishangilia. Sijaona alisimama akampa Hemedi mkono kwa furaha, akamwambia ameona mwenyewe jinsi serikali yao inavyojali wanyonge. Sharti lilikuwa moja, kwamba ndugu wa damu athibitishe.

Mwantumu alipoambiwa, alikunja na kukunjua ncha ya kanga. "Nimezaa, Hemedi," akasema. "Nimezika mume. Nimefua mashuka waliyozaliwa juu yake nusu ya watu wa nchi hii. Nikasimame niseme mimi si kitu, kwa sababu ya treni?"

"Ni maneno tu, dada. Maneno hayachubui mtu."

"Hayakuchubui wewe. Wewe si wa kuyasema."

"Dada, nakuomba. Sikuja mpaka huku kukuzika."

Alimtazama ndugu yake, akaitazama miguu yake. "Haya," akasema. "Miguu ndiyo inayokubali. Mimi sijakubali."

Alisimama Barazani akiwa amevaa gauni lake la sikukuu, akayasema maneno aliyotungiwa: "Mimi, niliyeitwa Mwantumu, jioni si kitu. Nikipanda, hakuna aliyepanda. Nikishuka, hakuna aliyeshuka." Sauti haikutetemeka. Kisha wote wakamgeukia Hemedi, naye akainua mkono. "Nathibitisha," akasema. "Hakuna mtu hapa." Wakamfunga dada yake kitambaa cheupe mkononi ili walinzi wa treni wasimwone.

Lazima tuseme kweli, kwamba mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mwantumu alifika nyumbani jua bado lipo. Uvimbe ulishuka. Hemedi, ambaye hakuruhusiwa kupanda kwa kuwa mgeni ni kitu hata kwa sheria za Jabalini, aliwasili nyuma yake akiwa hoi na kukuta ugali wa moto na dada yake ameloweka miguu katika beseni akiimba. Alifurahi mno. Alijiona amefanya jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake. Jambo moja tu lilimkera. Jioni moja alimwita kutoka mlangoni, "Dada! Dada!" na Mwantumu hakugeuka mpaka alipoguswa bega.

"Samahani," akasema. "Nilidhani unamwita mtu."

Hapo watu wa Jabalini wakaanza kunung'unika. Hemedi alipousikia mnong'ono ule kando ya reli moyo ulimpanda kwa matumaini, akadhani hatimaye wameamka, watadai sheria ibadilishwe. Kumbe walichokiuliza ni kwa nini Mwantumu peke yake. Wao wamekosa nini hata wanyimwe kuwa si kitu? Bi Mashavu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Mimi nimezaliwa hapa," alisema akijipiga kifua. "Kama ni kuwa si kitu, nilianza mimi!"

Baraza likasikia kilio cha wananchi. Foleni ikapangwa mbele ya ghala, na watu wakaapa kwa makundi, mume akimthibitisha mke, mke akimthibitisha mume. Vitambaa vyeupe vikawa fasheni. Asubuhi walipimwa kwenye mizani, wakapakiwa, wakamwagwa, wakahesabiwa kuwa watu. Jioni walipanda wakiwa si kitu, na kadiri siku zilivyokwenda walipanda wengi zaidi, hadi treni ya jioni ikajaa kuliko ya asubuhi. Sababu ni rahisi. Asubuhi kulikuwa na mizani na kipimo cha mwisho cha uzito. Nani angeyapima mabehewa matupu?

Hemedi aliyekuwa bado akitembea kando ya reli, sasa karibu peke yake, aliisikia injini ikilalama kwenye kona ya juu. Kichwa kile cha treni kiliundwa kushuka na mzigo na kupanda bila mzigo. Hakikuwahi kuvuta hata kikapu kwenda juu. Minyororo iliyounganisha mabehewa ililia kwa kukazwa. Alikwenda kwa Mheshimiwa Sijaona kumweleza, akapewa kiti, akapewa maji.

"Imezidiwa na nini?" akauliza Sijaona, kwa mshangao usio na unafiki hata kidogo. "Treni tupu inazidiwaje, bwana mgeni?"

Alimsihi dada yake arudi kutembea. Mwantumu alicheka. Akasema kama ni kuchagua, atakufa amebebwa.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imenyesha na reli inateleza. Treni ilimpita Hemedi kwenye kona, imejaa mpaka ngazini, watu wakining'inia, na alimwona dada yake kati ya wenzake katika behewa la mwisho, akamwinulia mkono wenye kitambaa. Kisha akasikia mlio kama wa chuma kinachopasuliwa kule juu. Injini ikasimama, ikaanza kurudi nyuma. Mabehewa yakampita tena, safari hii yakishuka, kimya mwanzoni, halafu watu wakaanza kupiga kelele, na kelele ile ilimpita kama upepo ikaenda nayo chini. Alikimbia akiifuata. Alipofika kwenye daraja, pale reli inapovuka mto, treni yote ilikuwa imelala chini kwenye mawe.

Hatutaeleza alichokiona. Yeye mwenyewe hakukieleza. Alisema tu kwamba alimpata kwa kuvitambua viatu, kwa sababu alivishona yeye.

Viongozi wa reli walifika haraka, hilo hawawezi kulaumiwa. Walikagua magurudumu, wakakagua injini, wakatembea kwa uangalifu katikati ya vitambaa vyeupe bila kumkanyaga mtu na bila kumtazama mtu. Kisha mmoja akapanda juu ya behewa akasoma tangazo: treni tupu imepata hitilafu ikiwa inarudi. Hakuna abiria aliyedhurika. Wananchi wamshukuru Mungu.

Hemedi alimkuta Sijaona pembeni, macho mekundu kwa kulia. Kwa dakika moja alidhani wanalilia kitu kimoja.

"Kile kichwa cha treni," akasema Sijaona, "kimetutumikia tangu enzi za mawe. Tutatangaza maombolezo."

"Dada yangu yumo mle."

"Hayumo, ndugu yangu."

"Nimemshika kwa mikono hii! Damu yake hii hapa!"

Sijaona alimshika bega kwa huruma. "Bwana Hemedi, tulia. Mimi nilikuwepo. Uliinua mkono ukasema hakuna mtu hapa. Tulikuamini. Leo unataka tukuone mwongo?"

Hemedi alikuwa na maneno mengi ya kumjibu mtu yule, na ameyakumbuka yote tangu siku hiyo, tena yamepangika vizuri. Wakati ule alirudi mtoni akambeba dada yake.

Bendera zilishushwa nusu mlingoti kwa ajili ya injini. Makaburi ya nchi yalikuwa ya watu, na mlinzi wake alisema kwa masikitiko kwamba hana ruhusa ya kuzika kisichokuwapo, kwa hiyo wale wa mtoni walizikwa na ndugu zao chini ndani ya lile shimo la machimbo, asubuhi, bila matangazo. Bi Mashavu alikuwepo. Jioni ile alikuwa amechelewa jikoni na treni ikamwacha, mumewe haikumwacha. Alisimama kando ya makaburi mawili mabichi, la mumewe na la Mwantumu, hana machozi tena, kitambaa cheupe bado kiko mkononi. Karibu kila aliyekuja kuzika alikuwa nacho.

Walipomaliza kufukia, Hemedi alisimama juu ya udongo. Hakuwa msemaji, lakini alipaza sauti, na shimo lile likaikuza. "Huyu ni mtu!" akasema. "Jina lake Mwantumu binti Shekiondo. Alikuwa mtu asubuhi, na jioni alikuwa mtu. Mimi ndiye niliyesema uongo!"

Waombolezaji waliinamisha vichwa. Wengine wakatazama juu, kwenye ukingo wa shimo, kuona kama kuna anayesikia. Bi Mashavu alimsogelea, akamshika mkono kwa upendo wa kweli, akamvuta karibu.

"Tunajua, baba," akamwambia sikioni. "Tunajua sote. Lakini sema polepole. Injini mpya imeshafika, na leo jioni tunapanda."